Uzi (Desemba 2025): Kenya haimo Kombe la Dunia 2026. Tushike timu gani, na kwa hesabu gani?

Mzee wa Ratiba (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, droo ilifanyika Ijumaa 5 Desemba, na kesho yake FIFA ikatoa ratiba yenye saa na viwanja. Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walicheza mechi 10 za kufuzu wakaambulia alama 12, kwa hivyo Juni kila mmoja wetu atakuwa na timu ya kuazima. Uzi huu ni wa kuichagua mapema na kwa vitu vinavyopimika. Ile ya "mimi ni Brazil tangu utotoni" haihitaji uzi, endelea nayo kwa amani.

Naanza na saa kwa sababu ndizo huwavuruga wengi. Mashindano ni 11 Juni hadi 19 Julai, mechi 104, miji 16. Ukiona saa ya kule, ipate ya Nairobi hivi:

New York/New Jersey, Boston, Philadelphia, Atlanta, Miami na Toronto: ongeza saa 7.
Dallas, Houston, Kansas City: ongeza 8.
Mexico City, Guadalajara, Monterrey: ongeza 9. Meksiko haisogezi saa wakati wa kiangazi, ndiyo maana inatofautiana na Dallas ilhali ziko jirani.
Los Angeles, San Francisco, Seattle, Vancouver: ongeza 10.

Mtego wa pili ni tarehe. Brazil na Moroko imeandikwa Jumamosi 13 Juni, lakini kwetu ni saa saba usiku wa kuamkia Jumapili. Ukiweka kengele ya simu Jumamosi saa saba usiku ukimaanisha usiku wa Ijumaa, utaamka bure.

Timu tisa za Afrika zilizokwisha kufuzu, kwa saa za Nairobi, mechi tatu za makundi kwa mfuatano:

Afrika Kusini: saa 4 usiku, saa 1 jioni, saa 10 alfajiri.
Senegal: saa 4 usiku, saa 9 usiku, saa 4 usiku.
Ivory Coast: saa 8 usiku, saa 5 usiku, saa 5 usiku.
Ghana: saa 8 usiku, saa 5 usiku, saa 6 usiku.
Cape Verde: saa 1 jioni, saa 7 usiku, saa 9 usiku.
Misri: saa 4 usiku, saa 10 alfajiri, saa 12 asubuhi.
Moroko: saa 7 usiku, zote tatu.
Tunisia: saa 11 alfajiri, saa 1 asubuhi, saa 8 usiku.
Algeria: saa 10 alfajiri, saa 12 asubuhi, saa 11 alfajiri.

Algeria hawana hata mechi moja kabla ya usiku wa manane. Mtu wa kazi ya asubuhi Industrial Area akiwashika hao, ajue anachokitia saini.

KonaBase

Mzee, heshima zako, lakini hili ni Kombe la Dunia, si taarifa ya habari ya saa moja. Timu unaishika kwa mpira wake. Moroko walifika nusu fainali 2022, timu ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo, halafu safari hii wamefuzu kwa kushinda mechi zote nane za kundi lao. Niwaache kwa sababu ya usingizi?

Mzee wa Ratiba

Usiwaache. Ila pima kama utawaona au utawasoma kwenye simu asubuhi. Tena mechi safari hii ni ndefu: FIFA imetangaza mapumziko ya kunywa maji ya dakika tatu katika kila kipindi, kila mechi, hata penye paa na kiyoyozi. Ukijumlisha mapumziko ya kati na dakika za nyongeza, ile ya saa saba usiku itakuachia saa tisa. Mara tatu ndani ya siku kumi na mbili.

Fundi Antena

Kabla hamjaenda mbali, kuna suala la chaneli. Haki za kuonyesha bure kwa kawaida huwa ni za sehemu tu ya mechi: ufunguzi, chache kila siku, kisha nusu fainali na fainali. Wanaoachwa ni timu zisizo na majina makubwa. Ukimshika Cape Verde, mechi ya Uhispania utaiona kwa sababu ya Uhispania. Ya Saudia hiyo usiiwekee bima.

La pili: mechi za mwisho za kundi huchezwa mbili kwa wakati mmoja. Mwenye chaneli moja atachagua moja, na siku hiyo Germany dhidi ya Ecuador itakuwa hewani pamoja na Curaçao dhidi ya Ivory Coast. Mnajua itakayochaguliwa. Ulizeni mapema kama king'amuzi chenu kina chaneli ya pili ya michezo kwenye kifurushi mnacholipia, si kile cha juu yake.

Wa intaneti: picha ya HD hula kama GB 1.5 hadi 3 kwa saa. Mechi nzima weka GB 5 ili usikatikiwe dakika ya 88. Mtiririko wa mtandaoni pia huwa nyuma ya antena, mara nyingi nusu dakika au zaidi, kwa hivyo kwenye ploti yenye kuta nyembamba bao utalisikia kwa jirani kwanza.

Bi Takwimu

Nimesubiri mmalize saa. Swali langu ni hili: timu utakayoshika itakupa mechi ngapi?

Makundi ni 12, kila moja timu nne. Wawili wa juu wanapita, pamoja na wanane bora kati ya wale 12 wa nafasi ya tatu. Yaani thuluthi mbili za watu wa tatu wanapona. Uwiano huo huo ndio wa Euro, kombe la mataifa ya Ulaya, la timu 24, kwa hivyo tunayo mifano ya 2016, 2020 na 2024. Katika Euro zote tatu:

Aliyekuwa wa tatu na alama 4 alipita kila mara.
Mwenye alama 3 alipita kama tofauti yake ya mabao ilikuwa -1 au bora. Mwenye -2 kwenda chini alirudi nyumbani kila mara. Slovenia 2024 walipita na sare tatu, tofauti sifuri. Hungary mwaka huo huo walikuwa na alama 3 na tofauti ya -3, wakaaga.

AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ni laini kuliko hapo. Ivory Coast wa 2024 walichapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta nyumbani kwao, wakamfuta kocha, wakapita wakiwa wa tatu na alama 3 na tofauti ya -3, kisha wakachukua kombe. Huo usiufanye kipimo, wale wa tatu walioaga walikuwa na alama 2.

Kwa hivyo unatafuta timu yenye mechi moja ya kushinda, na ngome isiyovuja mabao manne kwa wakubwa. Ivory Coast wana Curaçao, nchi ndogo kuliko zote zilizowahi kufuzu Kombe la Dunia. Moroko wana Haiti, Misri wana New Zealand, Algeria wana Jordan, Ghana wana Panama. Senegal? Ufaransa, Norwe ya Haaland, na mshindi wa mchujo kati ya Iraq, Bolivia na Suriname. Hapo hujui mpaka Machi. Tunisia ndio wamebeba mzigo: Uholanzi, Japani, na mmoja kati ya Ukraine, Sweden, Poland na Albania. Wamefuzu bila kufungwa hata bao moja katika mechi 10, na katika fainali zao sita za nyuma hawajawahi kuvuka makundi.

KonaBase

Ivory Coast nao hawakufungwa bao kwenye kufuzu. Mabao 25 kwa sifuri. Hao ndio wa kushika basi, hesabu imekwisha.

Bi Takwimu

Fungua hayo mabao 25, kaka. Mechi mbili dhidi ya Seychelles zilitoa 9 na 7. Ni 16. Mechi nane zilizobaki zina mabao 9, na matatu ya hayo walitufunga sisi Kenya kule Abidjan mwezi Oktoba. Ivory Coast waliwafunga Burundi 1-0 mara mbili, Gabon 1-0 na sare tasa, Gambia 2-0 na 1-0. Na sisi tuliwazuia 0-0, tena "nyumbani" kwetu kulikuwa Lilongwe, Malawi. Ngome ni ya kweli. Mbele wanabahatisha, na Ecuador ni watu wa kukaba vilevile. Ile ya saa nane usiku inaweza kuwa 0-0 ya kuuma meno.

Jambo moja ambalo wengi hawajalisoma kwenye kanuni: timu zikilingana alama ndani ya kundi, safari hii kinachotangulia ni matokeo ya wenyewe kwa wenyewe, tofauti ya mabao inakuja baadaye. Lakini watu wa tatu wa makundi tofauti hawajakutana, kwa hivyo wao hulinganishwa kwa alama kisha tofauti ya mabao. Kuchapwa 5-0 na Germany hakutakuponza ndani ya kundi E kwa lazima. Kutakuponza kwenye jedwali la wa tatu.

Ngazi kwa Ngazi

Bi Takwimu ameishia makundini, nami naanzia hapo. Watu huchagua timu kwa kundi wakasahau njia. Raundi ya 32 imeshapangwa kwa nafasi, na sehemu hii haitegemei jedwali la watu wa tatu:

Wa pili wa E anakutana na wa pili wa I. Hiyo maana yake Ivory Coast na Senegal, wote wakiwa wa pili nyuma ya Germany na Ufaransa, wanatoana wenyewe kwa wenyewe huko Dallas. Wale wa "mimi nashika Afrika yote" jiandaeni.

Wa kwanza wa C dhidi ya wa pili wa F, na wa kwanza wa F dhidi ya wa pili wa C. Moroko nyuma ya Brazil wataangukia mshindi wa kundi la Uholanzi na Japani. Moroko juu ya Brazil watapata wa pili wa F, na akivuka hapo anakutana na mshindi wa ile ya E na I. Tena Afrika kwa Afrika.

Wa pili wa J anakutana na wa kwanza wa H. Algeria nyuma ya Argentina, mbele yao huenda ni Uhispania. Kinyume chake, Cape Verde wakishika nafasi ya pili watapewa mshindi wa J, na huko yuko Argentina. Kwa timu ya nchi yenye watu zaidi kidogo ya nusu milioni, kufika hapo kutakuwa kushinda tayari.

Wa pili wa K dhidi ya wa pili wa L. Ghana wako L.

Wa pili wa G dhidi ya wa pili wa D. Tulieni hapa. G ni Ubelgiji, Misri, Iran, New Zealand. D ni Marekani, Paraguay, Australia na mmoja wa Ulaya. Misri wakimaliza wa pili, hakuna Ufaransa, Uhispania, Argentina wala Uingereza mbele yao kwenye raundi ya 32. Kwa njia peke yake, hakuna timu ya Afrika iliyopewa ngazi laini kuliko hiyo.

Wa tatu msijisumbue kuwapangia. Kuna michanganyiko 495 ya makundi yanayoweza kutoa wale wanane, na mechi za mwisho kabisa za makundi ni za J, zile za Algeria na Austria, Jordan na Argentina, saa 11 alfajiri ya Jumapili 28 Juni. Mpaka hapo ziishe, mtu wa tatu hajui anasafiri kwenda mji gani.

KonaBase

Misri? Timu ambayo haijawahi kushinda mechi Kombe la Dunia?

Ngazi kwa Ngazi

Ndiyo hao. 1934, 1990, 2018: mechi saba, sare mbili, vichapo vitano. Lakini kundi la 2018 walicheza na Urusi wenyeji na Uruguay, na Salah alikuwa ametoka kuumia bega kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa. Safari hii New Zealand wapo. Nisichowapendea ni yale ya Mzee wa Ratiba: saa 10 na saa 12 asubuhi.

GunnerWaDonholm

Wakubwa, shikamooni. Swali la mwanafunzi: mimi naangalia Premier League tu. Nikifuata wachezaji wa klabu yangu si inatosha? Arsenal.

Bi Takwimu

Marahaba. Inatosha kukuvuruga. Kundi I peke yake lina Ufaransa ya Saliba na Norwe ya Ødegaard, na wote wawili watacheza na Senegal. Kundi L lina Uingereza ya Saka na Rice. Kundi C lina Brazil ya Gabriel na Martinelli. Ukifuata klabu utajikuta una timu nne na huna hata moja. Wa Manchester United wana tatizo hilo hilo siku ya kwanza ya kundi C: Mazraoui upande mmoja, Casemiro na Cunha upande wa pili. Wa Chelsea wakimfuata Caicedo wako Ecuador, dhidi ya Ivory Coast ya Amad Diallo.

Njia inayofanya kazi ni kuchagua mchezaji mmoja ambaye timu yake inapita kwake. Salah alifunga mabao 9 ya Misri kwenye kufuzu. Amoura alifunga 10 ya Algeria. Hatari yake: akiumia Mei, umebaki na jezi tu. Vikosi vya mwisho ni vya wachezaji 26 na hutangazwa karibu na mashindano, kwa hivyo uamuzi wa namna hii uache wazi mpaka hapo.

MtaniWaDar

Wakuu, mbona mnaruka hatua? AFCON inaanza Jumapili hii ijayo, 21 Desemba, Moroko, mpaka 18 Januari. Timu saba kati ya tisa zenu ziko huko. Ghana na Cape Verde ndio hawakufuzu AFCON, kwa hiyo hao mtawanunua bila kuwaonja.

Vitu vya kuandika mkiangalia: nani anafungwa baada ya dakika ya 75, maana ndipo kikosi kifupi hujulikana. Nani ana mshambuliaji wa pili, kwa sababu mabingwa wa Kombe la Dunia sasa watacheza mechi nane badala ya saba. Nani anafungwa kwa kona. Penalti nani anapiga, na kipa anarukia upande gani. Matokeo yenyewe yapeni uzito mdogo. Kati ya Januari na Juni kuna miezi mitano, na makocha wa Afrika hawakai.

Halafu 27 Desemba pale Rabat ni Uganda na Tanzania. Mko na sisi Watanzania au mko na Cranes wa Uganda?

KonaBase

Mtani, tuko na refa.

Mzee wa Ratiba

Hilo nalo linahesabika. Kundi C la AFCON lina Nigeria na Tunisia juu yenu, na watu wa tatu wanne kati ya sita wanapita. Mechi hiyo ya 27 huenda ndiyo ikaamua nani kati yenu ana alama 3. Tanzania hawajawahi kushinda mechi ya AFCON katika fainali tatu, Uganda walifika fainali 1978. Kwa mtu wa Nairobi mimi naona sababu ya kuwaangalia wote: 2027 tunaandaa pamoja, nchi tatu, na wote tunaingia bila kufuzu. Hao ni wenzetu wa kupimana nao, bila kujali unamshangilia nani.

Jezi za Jumla

Naomba kuongeza la jezi maana mwezi wa tano bei Kamukunji na Gikomba hupanda na mtu ananunua kwa pupa.

Moroko, Senegal, Misri, Ghana na Ivory Coast zote ni Puma. Zikikaa pamoja mezani mshono na kola vinafanana, kwa hivyo feki ya mmoja huigwa haraka kwa wote watano. Angalia lebo ndogo ya ndani ubavuni, ina namba ya bidhaa. Iandike kwenye simu utafute: ikikuletea jezi ya timu nyingine au kiatu, weka chini. Ikilingana bado si ushahidi kamili, waigaji hunakili namba pia. Pitisha kidole kwenye mshono wa kwapa na upindo wa chini, hapo ndipo waigaji huokoa uzi.

Watu husema nembo ya kubandikwa ni feki. Hapana. Toleo la mchezaji nembo yake hubandikwa kwa joto ili iwe nyepesi, toleo la shabiki hushonwa. Toleo la mchezaji pia limebana. Ukivaa L ya kawaida chukua XL, hasa kama mandazi ya asubuhi hayajakupita.

Jina na namba usichapishe sasa. Namba rasmi ni 1 hadi 26 na hutoka pamoja na kikosi cha mwisho. Baada ya kuchapa, geuza nje ndani, maji baridi, na pasi isiguse maandishi. Yanayobanduka wiki ya pili mara nyingi yameuawa na pasi.

ChuiWaKayole

Mmezungumza tisa. Ya kumi je? DR Congo waliwatoa Cameroon 1-0 kwa bao la Mbemba, kisha Nigeria kwa penalti pale Rabat 16 Novemba. Mwisho wa Machi wako Guadalajara kucheza na mshindi wa Jamaica na New Caledonia. Wakishinda wako kundi K: Ureno, Colombia, Uzbekistan. Mechi ya kwanza ni Ureno, 17 Juni, Houston, kwetu ni saa 2 usiku. Hakuna timu ya Afrika yenye saa nzuri hivyo dhidi ya mkubwa, ukiondoa Cape Verde na Uhispania.

Na mnataka sababu ya moyo? Lubumbashi, Goma, Bukavu wanazungumza lugha ya uzi huu. Mara yao ya mwisho kombeni ilikuwa 1974 wakiitwa Zaire.

Ngazi kwa Ngazi

Na wakiwa wa pili K, Ghana wakiwa wa pili L, wanatoana Toronto. Nasema tu.

Bi Takwimu

Chui, hoja ni nzuri, nami ningewaweka juu ya Tunisia na Cape Verde kwa uwezekano wa kuvuka, kwa sababu ya Uzbekistan na lile dirisha la watu wa tatu. Tatizo ni hizo mbili nyingine, Colombia saa 11 alfajiri na Uzbekistan saa 8 na nusu usiku. Na kwanza wafuzu. Mechi moja ya mchujo haina takwimu ya kuitabiri.

KonaBase

Mbona hakuna aliyetaja Bafana, yaani Afrika Kusini? Kocha wetu Benni McCarthy ndiye aliyewafungia bao lao la kwanza kabisa Kombe la Dunia, dhidi ya Denmark 1998. Wanafungua mashindano na Meksiko saa 4 usiku, Alhamisi 11 Juni.

Mzee wa Ratiba

Umenikumbusha. Azteca, uwanja wa Mexico City, iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Timu inayotoka pwani hufungua mdomo dakika ya 60. Kikosi cha Afrika Kusini kimejaa wachezaji wa Mamelodi Sundowns na Orlando Pirates, watu wanaofanya mazoezi Pretoria na Johannesburg, ambako Johannesburg ni kama mita 1,750. Hawatakuwa sawa na Wameksiko, ila hawatakufa. Mechi ya pili ni Atlanta, uwanja wenye paa, saa 1 jioni yetu. Kwa anayetaka timu ya kuanzia, hizo mbili za kwanza ni rahisi kuzipata kuliko za mtu yeyote. Wasiwasi wangu ni kwamba hawana Curaçao kwenye kundi lao. Korea Kusini wa mechi ya tatu, Monterrey saa 10 alfajiri, si watu wa kupewa alama kabla ya mpira kuanza.

Bi Takwimu

Basi naweka mpango wangu mezani, mwenye bora aulete. Timu kuu moja na ya akiba moja. Zisitoke kwenye makundi yanayokutana raundi ya 32. Ivory Coast na Senegal ni jozi mbaya. Algeria na Cape Verde hawakutani raundi hiyo wote wakiwa wa pili, lakini wote wawili njia yao inapita kwa Uhispania au Argentina, kwa hivyo zitatoka siku zinazokaribiana. Ivory Coast na Afrika Kusini ni jozi nzuri: wote wakimaliza wa pili wako pande tofauti za jedwali, hawawezi kukutana kabla ya fainali, na kati yao una mechi nne za makundi kabla ya saa sita usiku.

Ya akiba itaje kabla ya 11 Juni. Anayeitaja 5 Julai amehama, hajachagua.

KonaBase

Mimi nabaki Moroko, akiba Misri. Usingizi nitalala Agosti. Na kabla hamjaniambia kwamba tuliwafunga Moroko 1-0 Kasarani mwezi wa nane: ile ilikuwa CHAN, kikosi cha ligi ya nyumbani. Hakimi hakuwepo.

GunnerWaDonholm

Na kama mtu anataka timu moja tu, ya Afrika, na anafika nyumbani saa tatu usiku?

Mzee wa Ratiba

Ivory Coast. Germany Jumamosi 20 Juni saa 5 usiku, Curaçao Alhamisi 25 Juni saa 5 usiku. Ya Ecuador ni saa 8 usiku wa kuamkia Jumatatu 15 Juni. Tazama marudio na zima arifa za simu kabla ya kulala. Ukitaka Senegal badala yao, Ufaransa ni Jumanne 16 Juni saa 4 usiku, mechi ambayo mara ya mwisho Kombe la Dunia, 2002 pale Seoul, Senegal waliishinda 1-0 kwa bao la Papa Bouba Diop.

Nafasi sita bado ziko wazi, nne za Ulaya na mbili za mchujo wa mabara, na zitajazwa mwisho wa Machi. Majina yataingia kwenye mistari iliyopo, kwa hivyo saa nilizoandika juu shikeni hizo hizo. Nitahariri bandiko la kwanza majina yakitoka.